Sarufi ya Kirusi Leo: Pale Msemaji Anapokuwa na Maumbo Mawili

Ndugu walimu, ndugu wanafunzi wa isimu, na ninyi mnaosoma Kirusi mkijiandaa kwa mwaka wa lugha kabla ya masomo ya chuo kikuu:

Mikhail Lomonosov alikamilisha sarufi yake ya Kirusi mwaka 1755. Mwaka 1980 Chuo cha Sayansi cha Kisovieti kilitoa sarufi kubwa ya juzuu mbili, mhariri mkuu akiwa Natalia Shvedova. Katika muda wote huo swali kuu lilikuwa: maumbo gani yapo, na lipi ni sahihi? Swali hilo lina kazi yake hadi leo. Lakini utafiti unaoisogeza taaluma hii umehamia kwenye swali jingine. Pale lugha inapompa msemaji maumbo mawili, anachagua lipi, mara ngapi, akiwa wapi, na kwa nini? Karibu yote nitakayoyasema leo ni matawi ya swali hilo.

Maneno ya Kirusi nimeyaandika kwa herufi za Kilatini. Ritifaa inaonyesha konsonanti laini.

Nianze na vifaa. Cha kwanza ni kamusi ya kisarufi ya Andrey Zaliznyak iliyotoka mwaka 1977. Ina maneno yapatayo 100,000, yamepangwa kwa kufuata herufi ya mwisho ya neno badala ya ya kwanza, na kila neno limepewa msimbo unaoeleza linavyobadilika na mkazo wake unavyohama. Mpangilio huo wa kinyumenyume una maana kubwa, kwa sababu Kirusi hubeba sarufi yake mwishoni mwa neno, hivyo maneno yenye tabia moja hujikuta yamekaa pamoja. Programu nyingi zinazochambua maumbo ya Kirusi zimetegemea kazi hiyo.

Kifaa cha pili ni Kongoo ya Taifa ya Lugha ya Kirusi, hazina ya matini iliyofunguliwa mtandaoni mwaka 2004. Cha tatu ni SynTagRus, kongoo yenye maneno zaidi ya milioni moja ambamo kila sentensi imechorewa mti wa utegemezi, yaani mchoro unaoonyesha neno lipi linategemea lipi, kwa kufuata nadharia ya Igor Mel'čuk. Ukitaka kujua kitenzi fulani hufuatwa na uhusika gani, yaani umbo la nomino linaloonyesha kazi yake katika sentensi, huna haja ya kubahatisha, unauliza miti.

Hapa ndipo watafiti wapya hujikwaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Umbo stali laweza kuwa kitenzi, “wakawa”, au nomino, “ya feleji”. Umbo moy ni “wangu”, na pia ni amri “osha!”. Tri ni “tatu”, na pia ni “sugua!”. Sehemu ya Kongoo ya Taifa ambayo wanadamu wamekaa wakaondoa utata wa aina hii ina maneno takriban milioni 6 tu. Nyingine zote zimechambuliwa na mashine. Anayehesabu matokeo bila kuyasoma anahesabu mchanganyiko.

Utaratibu unaofaa ni huu. Tafuta maumbo yote mawili yanayoshindana, wala usitafute moja tu unalolipenda. Chukua sampuli nasibu, tuseme sentensi 500 kwa kila umbo. Soma zote, ondoa zisizohusika, na uandike umeondoa ngapi na kwa sababu gani. Kisha weka lebo kwa kila jambo unalodhani linaathiri uchaguzi: nomino ina uhai au haina, ni dhahania au inashikika, kitenzi kiko katika hali gani (tendo linatazamwa kama limekamilika au la), matini ni ya mwaka gani. Mpe mtu wa pili sentensi 100 aziwekee lebo upya bila kuona zako, mpime makubaliano yenu kwa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano ya bahati tu, ambapo 1 ni kukubaliana kikamilifu. Ikishuka chini ya 0.7, usimlaumu mwenzako. Maelekezo yako ya lebo yana utata, yaandike upya. Ndipo uingie kwenye rigresheni ya lojistiki, hesabu inayopima kila jambo linasukuma uchaguzi kiasi gani, na mwandishi wa matini aingizwe kama athari nasibu, yaani mazoea ya kila mwandishi yahesabiwe kando. Usipofanya hivyo, mwandishi mmoja mwenye riwaya kumi ataonekana kama taifa zima. Kosa jingine la kawaida ni kulinganisha karne ya 19 na ya 21 wakati matini za karne ya 19 ni riwaya na barua, na za leo ni magazeti. Utakachokipima hapo ni tofauti ya tanzu, halafu utaiita mabadiliko ya lugha.

Sasa tuje kwenye jedwali lenyewe. Kila mwanafunzi wa Kirusi ameliona: uhusika sita, yaani nominativu (ya kiima), jenitivu (ya umilikaji), dativu (ya mpokeaji), akuzativu (ya mtendwa), instrumentali (ya kifaa) na prepozitivu (ya baada ya vihusishi fulani), mara umoja na wingi. Nafasi 12 kwa kila nomino. Laura Janda wa Chuo Kikuu cha Tromsø, Norwei, pamoja na Francis Tyers, walichunguza ni nomino ngapi zinaonekana katika nafasi zote 12 ndani ya kongoo. Ni chini ya asilimia 1. Nomino nyingi sana huishi katika umbo moja, mawili au matatu. Neno la mahali hupenda prepozitivu, neno la kifaa hupenda instrumentali, na kadhalika. Kila neno lina sura yake ya kisarufi. Kisha wakafanya jaribio la mashine. Programu moja ilifundishwa majedwali kamili ya maneno, nyingine ikafundishwa umbo moja tu la kila neno, lile linalotumika zaidi. Walipozipima kwa maumbo ambayo hazijawahi kuyaona, ile ya umbo moja moja ikafikia kuishinda ya majedwali kamili.

Naona huu ni mmoja wa matokeo yenye manufaa zaidi kwa mwalimu. Kikundi cha Tromsø kimeyageuza kuwa kifaa cha kufundishia kiitwacho SMARTool: maneno 3,000, kila moja likiwa na maumbo yake matatu yanayotumika zaidi, ndani ya sentensi za mfano. Mwanafunzi hujifunza maumbo 9,000 badala ya kukariri makumi elfu ambayo mengi hatayasikia maishani. Jedwali halifutwi. Linabaki kuwa ramani ya kurejea, na akili hupata nafasi ya kushika yale yanayokutana nayo kila siku.

Kuna pia nafasi za jedwali ambazo haziko kabisa. Kitenzi pobedit', “kushinda”, hakina nafsi ya kwanza umoja ya wakati ujao. Mrusi akitaka kusema “nitashinda” huzunguka: oderzhu pobedu, au smogu pobedit'. Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba sauti d ingegeuka kuwa zh au zhd, na msemaji hajui ashike ipi. Lakini khodit', “kwenda”, hutoa khozhu bila mtu yeyote kusita. Utafiti wa Andrea Sims, katika kitabu chake cha 2015, umeonyesha kwamba mapengo haya yana uzito wa kimfumo: wasemaji hujifunza pengo kama wanavyojifunza umbo. Hapa kongoo peke yake haitoshi. Umbo likikosekana kwenye kongoo, huenda halipo, na huenda ni neno lenyewe tu lisilotokea mara nyingi. Lazima uongeze jaribio la kuwauliza wasemaji wajaze nafasi, na upime muda wanaosita.

Eneo linalozua ubishi mkali zaidi ni hali ya kitenzi. Katika Kiswahili hali hukaa kwenye viambishi vya kati, kama -me- na -ki-, au mwanzoni kama hu-. Katika Kirusi karibu kila kitenzi huzaliwa na hali yake: timilifu au isiyotimilifu. Pisat' ni kuandika bila kuangalia mwisho, napisat' ni kuandika ukamaliza. Chitat' hupata pro- na kuwa prochitat'. Kwa miongo mingi sarufi ilisema viambishi kama na- na pro- katika jozi hizi ni “vitupu”, yaani havina maana yoyote zaidi ya kukamilisha tendo. Lakini kama ni vitupu, kwa nini vipo vingi, na kwa nini havibadilishani? Mbona propisat' si jozi ya pisat' kama ilivyo napisat'?

Janda na wenzake sita, wakiwemo Tore Nesset na Olga Lyashevskaya, walikusanya karibu jozi 2,000 za aina hii zenye viambishi 16, na mwaka 2013 wakatoa kitabu kinachodai kwamba hakuna kiambishi kitupu. Hoja yao ni kwamba kiambishi kina maana, ila maana hiyo inalingana na maana ya kitenzi chenyewe kiasi kwamba haionekani. Viambishi, wanasema, huainisha matendo kama viainishi vya lugha nyingine vinavyoainisha vitu. Msomaji wa Kiswahili ataielewa hoja hii upesi akikumbuka ngeli zetu. Njia yao ya kuipima ilikuwa ya moja kwa moja: walichukua vitenzi ambavyo kiambishi fulani huleta maana wazi, wakavilinganisha na vile ambavyo kiambishi hicho hicho hudaiwa kuwa kitupu, wakaona makundi ya maana yanafanana.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye kuamua ipi ni jozi halisi. Ukipanua orodha, matokeo yanaweza kubadilika. Wapo pia wanaosema kwamba jozi pekee za kweli ni zile zinazoundwa kwa kiambishi tamati, kama perepisat' na perepisyvat', “kunakili upya”. Ubishi bado ni hai, na maneno ya mkopo ndiyo uwanja mzuri wa kuupima, kwa kuwa yanaingia sasa hivi mbele ya macho yetu. Kitenzi banit', kumfungia mtu kwenye mtandao, kimejipatia za- na kuwa zabanit', kama vile vitenzi vya kuziba na kufunga. Guglit' kina po- na kina za-, na wasemaji hawavitumii kwa namna moja. Hakuna mwalimu aliyewafundisha wasemaji hawa, na hawachagui ovyo.

Upande mwingine wa hali ni muktadha. Janda na Robert Reynolds waliwapa mamia ya Warusi matini ndefu, wakaweka hali zote mbili kwenye kila nafasi ya kitenzi, wakauliza lipi linakubalika. Katika nafasi nyingi, karibu nne kwa tano, muktadha uliruhusu hali moja tu. Zilizobaki zilikuwa huru kweli, msemaji akichagua jinsi ya kulitazama tendo. Somo la kiutafiti liko wazi: sentensi moja iliyokatwa kutoka kwenye matini yake haiwezi kukupa jibu kuhusu hali, na mazoezi ya sentensi moja moja darasani yanamwonea mwanafunzi.

Sasa jenitivu ya ukanushi, ambayo kwa msikilizaji wa Kiswahili ina ladha ya pekee. Kirusi kinaruhusu otvet iz polka ne prishol, ambapo “jibu” liko nominativu na kitenzi kinapatana nalo, na pia otveta iz polka ne prishlo, ambapo “jibu” limeingia jenitivu na kitenzi kimebaki katika umbo la umoja lisilopatana na chochote. Barbara Partee na Vladimir Borschev, na kwa upande wake Elena Paducheva, wametumia miaka kuchunguza tofauti hii. Sentensi ya kwanza huchukulia kwamba kuna jibu lililotarajiwa, ikasema halikufika. Ya pili hutazama mahali, ikasema hapo hapakuwa na jibu lolote. Sikilizeni Kiswahili: “Jibu halikuja kutoka kikosini.” “Hakukuja jibu kutoka kikosini.” Sisi hatuna jenitivu, lakini kitenzi chetu kimefanya jambo lile lile, kimeliacha neno “jibu” na kushika ku- ya mahali. Lugha mbili zisizo na undugu zimegawanya uwanja mmoja kwa mstari unaofanana. Huu ni mlango wa utafiti linganishi unaostahili kufunguliwa kwa data, na njia niliyoieleza hapo juu inatosha kuuanza.

Kwa nomino ya mtendwa mambo ni magumu zaidi, kwa sababu matumizi yanahama. Ne vizhu pis'ma na ne vizhu pis'mo, “sioni barua”, yote mawili yapo, na kwa karne mbili zilizopita akuzativu imekuwa ikisonga mbele. Vitenzi vya kuona, kutaka na kuwa na kitu hushikilia jenitivu kuliko vitenzi vya kubadilisha kitu kwa mkono. Nomino dhahania huishikilia kuliko ya mtu mwenye jina lake.

Jinsia ya kisarufi nayo ina uwanja wake. Vrach, “daktari”, ni neno la kiume. Daktari mwanamke akifika, Mrusi husema vrach prishla, kitenzi kikiwa cha kike. Kivumishi novaya vrach, “daktari mpya” kwa umbo la kike, kinawakwaza wengi, na nje ya nominativu hakikubaliki kabisa. Kiwakilishi ona, “yeye” wa kike, hakina tatizo. Greville Corbett wa Chuo Kikuu cha Surrey alionyesha kwamba kuna ngazi: kivumishi kilicho ubavuni mwa nomino hufuata umbo, na kadiri unavyokwenda mbali kupitia kitenzi, kirejeshi hadi kiwakilishi, maana hushika usukani. Mwenye Kiswahili hahitaji kusadikishwa. “Rafiki yangu amekuja”: kimilikishi kilicho ubavuni kimefuata ngeli ya neno, kitenzi kimefuata ukweli kwamba rafiki ni mtu. Leo watafiti wanaipima ngazi hiyo kwa Kirusi kwa idadi: kivumishi cha kike na vrach kinakubalika kwa asilimia ngapi, kwa umri gani, na je, majina mapya ya kike ya kazi yanayozuliwa mtandaoni yanapunguza hitaji la upatanisho wa namna hii?

Katika maabara, Natalia Slioussar na wenzake wamechunguza makosa ya upatanisho. Mtu anasoma sentensi yenye kiima umoja kinachofuatwa na nomino nyingine, halafu kitenzi kinakuja wingi kimakosa. Katika Kirusi, umbo la jenitivu umoja mara nyingi hufanana na nominativu wingi: knigi ni “ya kitabu” na pia ni “vitabu”. Majaribio yake yalionyesha kwamba mfanano huo unatosha kumvuta msemaji kwenye kosa, hata kama nomino hiyo ni umoja. Maana yake ni kwamba akilini umbo lenye utata huacha alama ya usomaji wake mwingine. Anayeandaa jaribio kama hili aangalie mkazo: ruki yenye mkazo mwishoni ni jenitivu, yenye mkazo mwanzoni ni wingi, na maandishi hayaonyeshi mkazo. Ukichanganya nomino za aina hizo mbili kwenye orodha moja, matokeo yako hayatasomeka.

Lugha ya mazungumzo ilianza kupewa heshima yake miaka ya 1970 kwa kazi za Yelena Zemskaya. Huko Saint Petersburg, tangu 2007, kongoo iitwayo “Siku Moja ya Usemi” hukusanywa kwa kumpa mtu kinasa sauti akae nacho siku nzima. Andrey Kibrik na Vera Podlesskaya wamependekeza usemi ugawanywe kwa vipande vya kiimbo, kwa kuwa sentensi ya kitabuni haionekani humo. Anayenukuu mazungumzo kwa nukta na mkato za kitabu ameshaamua sarufi yake kabla ya kuichunguza.

Kirusi cha nje ya miji mikuu kinachunguzwa kwa bidii pia. Dagestan, ambako Kirusi ni lugha ya pili kwa makabila mengi, wasemaji hutanguliza jenitivu mbele ya nomino mara nyingi kuliko Warusi wa Moscow, na huangusha vihusishi. Marekani, Maria Polinsky ameonyesha jinsi watoto wa wahamiaji wanavyobaki na uhusika mchache na, kwa baadhi, jinsia mbili badala ya tatu. Jinsia ya kati huanguka kwanza pale -o ya mwisho isipokuwa na mkazo, maana masikioni inasikika kama -a, na neno linahamia upande wa kike. Hapa mtafiti ajihadhari asimlinganishe mtoto wa mhamiaji na kitabu cha sarufi. Alinganishwe na Kirusi alichokisikia nyumbani.

Kwenye mifumo ya akili bandia, kipimo kipya ni RuBLiMP cha mwaka 2024, chenye jozi 45,000 za sentensi, moja sahihi na nyingine ikiwa na kosa moja tu la kisarufi. Waandaaji walichukua hatua ya kupunguza sentensi ambazo mifumo ilikwisha kuzimeza wakati wa mafunzo, jambo ambalo vipimo vingi husahau.

Nimalizie na kazi inayoweza kufanywa na waliomo humu. Tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu kifunguliwe Moscow mwaka 1960, wanafunzi wa Afrika Mashariki wameandika insha za Kirusi, na makosa yao ni data halali. Kukusanya kongoo ya wanafunzi kunahitaji mambo machache yafanywe kwa uangalifu: ridhaa ya maandishi, umri, miezi ya kujifunza, lugha zote anazozijua mwandishi, na kama alitumia kamusi. Insha 60 za maneno 200 kila moja zinatosha kuanza. Usisahihishe unapochapa. Kila kosa liwekewe lebo mbili tofauti, ya aina ya kosa na ya umbo ulilodhani alilikusudia, kwa sababu ya pili ni tafsiri yako na mwingine anaweza kuipinga. Anzeni na nomino baada ya namba: dva stola ni jenitivu umoja, pyat' stolov ni jenitivu wingi. Ni sehemu ambapo jibu sahihi linajulikana bila ubishi, na makubaliano kati ya waweka lebo yatakuwa juu. Hali ya kitenzi iacheni hadi awamu ya pili, mkiwa tayari mna matini nzima na si sentensi zilizokatwa.